Mwendo Unapogeuka Joto: Sayansi ya Kubadilisha Pedi na Diski za Breki

Gari linalokwenda barabarani lina nishati. Dereva anapokanyaga breki gari husimama, na kwa mtazamaji nishati ile huonekana kana kwamba imetoweka. Lakini nishati haitoweki. Hubadilika umbo tu. Katika miaka ya 1840 Mwingereza James Prescott Joule alikoroga maji kwa mapanga madogo yaliyozungushwa na uzito ulioshuka, akapima jinsi maji yalivyopata joto. Alionyesha kwamba kiasi kile kile cha kazi hutoa daima kiasi kile kile cha joto. Breki ya gari hurudia jaribio la Joule kila siku: huchukua mwendo na kutoa joto.

Makala haya yanaeleza jinsi breki za diski zinavyofanya kazi, na jinsi pedi na diski zinavyoweza kubadilishwa nyumbani na mwenye gari aliye na vifaa vinavyofaa na uangalifu wa kutosha. Kazi yenyewe haihitaji nguvu nyingi. Hata hivyo, kosa dogo katika kazi hii halionekani gari likiwa uani. Huonekana siku gari linapotakiwa lisimame ghafula mbele ya mtoto avukaye barabara. Kwa sababu hiyo kila hatua hapa chini imeelezwa pamoja na sababu yake. Mtu aliyekariri hatua aweza kuruka moja asijue. Aliyeelewa sababu ni vigumu kusahau.

HESABU YA JOTO

Nishati ya mwendo hupatikana kwa kuzidisha nusu ya tungamo la gari kwa kipeo cha pili cha kasi yake. Chukua gari dogo lenye tungamo la kilogramu 1,500 likienda kilomita 100 kwa saa, yaani karibu mita 27.8 kwa sekunde. Nishati yake ni kilojuli 579 hivi. Kiasi hicho chatosha kuchemsha maji karibu lita 1.8 yaliyokuwa na joto la digrii 25 za sentigredi. Kwa maneno mengine, kila mara gari hilo linaposimama kutoka kasi hiyo, breki hupokea joto la birika zima la maji ya chai, tena kwa muda wa sekunde chache.

Yafaa ieleweke pia kwamba kasi ikipungua nusu, nishati haipungui nusu bali hubaki robo. Gari lile lile likienda kilomita 50 kwa saa lina kilojuli 145 tu. Hapa ndipo lilipo jibu la dereva anayeshangaa kwa nini breki zilizomtosha mjini zilimwia dhaifu kwenye barabara kuu.

Joto hilo huenda wapi? Gari linapofunga breki, uzito huelemea mbele, na kwa hiyo breki za mbele hubeba theluthi mbili au zaidi ya kazi yote. Tuseme zinabeba sehemu 70 katika 100, yaani kilojuli 405. Ikiwa kila diski ya mbele ina kilogramu 7 za chuma cha kusubu, na kila kilogramu ya chuma hicho huhitaji takriban kilojuli 0.46 ili kupanda digrii moja, diski hizo mbili zitapanda digrii 63 hivi kwa kusimama mara moja tu. Diski zikiwa zimelika hata kila moja ikabaki na kilogramu 6.3, zitapanda digrii 70. Chuma kidogo hupata joto kali zaidi kwa kazi ile ile. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kutotumia diski iliyokonda kupita kiasi. Sababu ya pili ni kwamba diski nyembamba hupasuka kwa urahisi.

TOKA GARI LA FARASI HADI DISKI

Tatizo la kupata kitu cha kusugua bila kuungua ni la zamani kuliko gari la injini. Mwaka 1897 Mwingereza Herbert Frood alianza kutafuta bitana bora za breki za magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1902 Mwingereza mwingine, Frederick Lanchester, alipata hataza ya breki iliyobana sahani ya chuma kwa vibano vyenye shaba. Wazo lilikuwa zuri, lakini shaba ililika upesi katika barabara za vumbi za siku zile na breki zilipiga kelele nyingi. Mwaka huo huo Mfaransa Louis Renault alitoa breki ya dramu, ambayo viatu vyake husukuma toka ndani ya chungu cha chuma kinachozunguka. Kwa nusu karne iliyofuata dramu ndiyo iliyotawala.

Dramu ina kasoro moja kubwa: hufungia joto ndani. Tena, dramu ikipata joto hutanuka na kujitenga na viatu vyake, hata kanyagio likazama zaidi na zaidi. Diski iko wazi kwa upepo, na ikitanuka husogea kuelekea pedi badala ya kuzikimbia. Ubora huo ulidhihirika mwaka 1953, wakati gari la Jaguar C-Type lenye breki za diski lilipoyashinda magari yenye dramu katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa. Miaka miwili baadaye Citroën DS, gari la kuuzwa kwa watu wote, lilitokea likiwa na diski mbele. Leo karibu kila gari dogo lina diski kwenye magurudumu ya mbele, na mengi yana diski kwenye magurudumu yote manne.

NGUVU YA MGUU HUONGEZWAJE?

Mguu wa mtu hauwezi peke yake kusimamisha tani moja na nusu ya chuma. Msaada hutoka kwa kanuni ya Mfaransa Blaise Pascal wa karne ya 17: shinikizo likitiwa katika kimiminika kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote.

Tuseme dereva anakanyaga kwa nguvu ya nyutoni 200, karibu sawa na uzito wa gunia dogo la kilo 20. Kanyagio ni wenzo. Likizidisha nguvu mara 4, silinda kuu hupokea nyutoni 800. Ikiwa eneo la pistoni ya silinda kuu ni sentimita 4 za mraba, shinikizo litakuwa nyutoni 200 kwa kila sentimita ya mraba. Shinikizo hilo husafiri ndani ya mafuta ya breki hadi gurudumuni, ambako pistoni yenye eneo la sentimita 24 za mraba husukumwa kwa nyutoni 4,800. Pistoni hiyo imo ndani ya kalipa, yaani bano la chuma linaloikumbatia diski. Pistoni husukuma pedi ya ndani. Nayo kalipa, kwa kuwa huteleza juu ya pini zake, huvutwa upande wa pili na kubana pedi ya nje kwa nguvu iyo hiyo. Magari mengi ya leo huongeza pia kisaidizi kinachotumia nguvu ya hewa, hivyo mguu hupunguziwa kazi zaidi.

Lakini hakuna faida isiyokuwa na gharama. Nguvu ikizidishwa, umbali hupunguzwa. Katika mfano huu pistoni za magurudumu mawili ya mbele zikisogea milimita 1 tu, pistoni ya silinda kuu hapana budi isogee milimita 12, na kanyagio milimita 48. Kwa hiyo pedi lazima zikae karibu sana na diski wakati wote. Kazi hiyo hufanywa na pete ya mpira iliyoizunguka pistoni. Breki inapofungwa pete hupinda kidogo. Mguu ukiondolewa pete hujinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Pedi ikilika, pistoni huteleza mbele ndani ya pete na kuanza mahali papya. Hivyo breki ya diski hujirekebisha yenyewe, na ndiyo maana kina cha mafuta katika chupa ya breki hushuka polepole jinsi pedi zinavyokwisha. Tarakimu hizi msomaji azikumbuke, kwani zitahitajika tena mwisho wa kazi.

DALILI ZA PEDI NA DISKI ZILIZOKWISHA

Pedi mpya aghalabu huwa na milimita 10 hadi 12 za kitu cha kusugulia, kilichogandishwa juu ya bamba la chuma. Mafundi wengi hubadilisha pedi inapobakiwa na milimita 3. Baadhi ya pedi zina ulimi mdogo wa chuma ambao hugusa diski wakati huo na kutoa mlio mkali. Mlio huo ukipuuzwa, huja siku ambayo bamba la chuma husaga diski moja kwa moja. Sauti yake ni ya mkwaruzo mzito, na diski huharibika kwa muda mfupi.

Diski hupimwa kwa maikromita. Unene wa chini unaoruhusiwa na mtengenezaji aghalabu umechapwa juu ya diski yenyewe. Kipimo kichukuliwe mahali kadhaa kwenye uso unaosuguliwa. Ukingo wa nje haufai kupimwa, kwa sababu haulambwi na pedi na hubaki mnene kama ulivyokuwa. Nyufa zinazofika ukingoni na mifereji mirefu ni sababu za kutosha za kuikataa diski hata kama unene bado upo.

Kanyagio likitetemeka wakati wa kufunga breki, watu husema diski imepinda. Mara nyingi, hata hivyo, diski haikupinda; imekuwa na unene usio sawa. Chanzo chake aghalabu ni kutu iliyoachwa kati ya diski na kitovu cha gurudumu. Kutu hiyo huifanya diski ikae mshazari kidogo, iguse pedi upande mmoja kila mzunguko, na kulika zaidi mahali pamoja kuliko pengine.

MAANDALIZI

Gari liegeshwe mahali tambarare na pagumu, si kwenye mchanga wala mteremko. Injini izimwe, gari litiwe gia, breki ya mkono ifungwe ikiwa kazi ni ya magurudumu ya mbele, na magurudumu yanayobaki chini yatiwe vizuizi mbele na nyuma. Breki ziachwe zipoe kabisa.

Nati za gurudumu zilegezwe nusu mzunguko gari likiwa bado chini, kwa kuwa likiisha kuinuliwa gurudumu litazunguka pamoja na spana. Kisha gari liinuliwe kwa jeki mahali palipoelekezwa na kitabu cha gari, na mara moja lilazwe juu ya stendi za chuma. Jeki ni chombo cha kuinulia. Si chombo cha kushikilia. Matofali na mawe yasitumike badala ya stendi: tofali laweza kubeba uzito mkubwa uliosambaa, lakini uzito ukielemea nukta moja hupasuka bila kutoa onyo. Kwa hali yoyote mtu asiingize mwili wake chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Pedi na diski hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Upande mmoja ukisugua vizuri kuliko mwingine, gari litavuta upande huo kila breki inapofungwa. Lakini afadhali upande mmoja ufanywe hadi mwisho kabla ya kuufungua wa pili, ili upande ambao haujaguswa uwe kielelezo cha jinsi vitu vilivyopangwa.

HATUA ZA KAZI

Kwanza, kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki kisafishwe na kulegezwa. Pistoni zitakaporudishwa nyuma mafuta yatapanda katika chupa, na yakifurika yatababua rangi ya gari. Ikiwa chupa imejaa hadi ukingoni, mafuta kidogo yavutwe kwa bomba safi la sindano.

Pili, gurudumu litolewe na bolti za kalipa zifunguliwe. Kalipa ikitoka itundikwe kwa waya kwenye springi ya gari. Isiachwe ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, kwani mpira huo waweza kuchanika ndani pasipo kuonekana nje.

Tatu, pedi za zamani zitolewe na zichunguzwe. Ikiwa pedi moja imelika sana kuliko mwenzake wa gurudumu lile lile, pini za kalipa huenda zimekwama au pistoni hairudi. Pedi mpya zikiwekwa bila kuondoa chanzo hicho zitalika vivyo hivyo.

Nne, fremu inayoshika pedi ifunguliwe, na diski itolewe. Diski nyingi hushikwa na kutu tu. Hugongwa kwa nyundo ya mpira kidogo kidogo huku ikizungushwa. Uso wa kitovu usafishwe kwa brashi ya nyaya hata chuma king'ae. Hatua hii hurukwa na wengi, na ndiyo inayozuia mtetemo uliotajwa hapo juu.

Tano, diski mpya isafishwe. Mtengenezaji huipaka mafuta ili isishike kutu dukani, na mafuta hayo yakibaki yataingia katika pedi. Hutumika dawa maalumu ya kusafishia breki, au maji ya moto na sabuni kisha kukaushwa vizuri. Pedi iliyolowa grisi au mafuta haisafishiki, itupwe. Breki nzima hutegemea msuguano, na tabaka jembamba la mafuta ndilo adui mkuu wa msuguano.

Sita, pistoni irudishwe ndani polepole kwa kibano cha seremala, pedi ya zamani ikiwekwa kati ili pistoni isikwaruzwe. Katika baadhi ya magari pistoni za nyuma zimeunganishwa na breki ya mkono. Hizo haziingii kwa kusukumwa bali kwa kuzungushwa kama skrubu. Magari ya kisasa yenye breki ya mkono ya umeme lazima kwanza yatiwe katika hali ya matengenezo kama kitabu chake kinavyoagiza. Kulazimisha ni kuvunja.

Saba, pini za kalipa zisafishwe na zipakwe grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida inayotokana na mafuta ya petroli huvimbisha mipira ya breki. Kisha fremu, pedi na kalipa virudishwe, na bolti zikazwe kwa spana ya kipimo kwa kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Gurudumu lirudishwe, nati zikazwe kwa zamu za kukabiliana, si kwa kufuata duara, ili diski ikae sawasawa juu ya kitovu.

Ikiwa wakati wa kazi hii mafuta yanaonekana yakivuja, mpira una nyufa, au pistoni imeota kutu, kazi ya nyumbani ikome hapo. Mambo hayo yahusu fundi mwenye ujuzi na vifaa vya kutolea hewa katika mfumo.

KANYAGIO KABLA YA SAFARI

Sasa zirudiwe zile tarakimu za Pascal. Pistoni zimesukumwa nyuma kwa milimita kadhaa. Ikiwa ni milimita 8, na kila milimita huhitaji kanyagio lishuke milimita 48, basi kanyagio lingehitaji milimita 384, umbali ambao halina. Maana yake ni kwamba mara ya kwanza breki inapokanyagwa baada ya kazi hii, kanyagio litakwenda hadi sakafuni na gari halitasimama hata kidogo. Kwa hiyo, kabla injini haijawashwa na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyagio likanyagwe polepole mara nyingi hadi liwe gumu. Kila mkanyago huzisogeza pistoni hatua moja kuelekea diski. Baada ya hapo kina cha mafuta kitazamwe na kurekebishwa. Hatua hii haichukui dakika moja, na anayeisahau aweza kuligonga lango la nyumba yake mwenyewe au mtu aliyesimama mbele yake.

Kanyagio likibaki laini kama sifongo hata baada ya kukanyagwa mara nyingi, hewa imeingia katika mfumo, na gari lisiendeshwe.

Pedi mpya huhitaji kuzoeshwa. Katika barabara tulivu gari lipunguzwe mwendo kwa upole kutoka kilomita 50 kwa saa hadi karibu 10, mara kadhaa, likipewa nafasi ya kupoa kila mara na bila kusimama kabisa huku breki zimefungwa zikiwa moto. Joto la kiasi huacha tabaka jembamba la pedi lililoenea sawasawa juu ya diski. Tabaka hilo ndilo linaloleta msuguano imara. Maelekezo ya mtengenezaji wa pedi yakitofautiana na haya, yafuatwe hayo.

MAFUTA YASIYO MAFUTA, NA VUMBI LISILOFAA KUVUTWA

Kiitwacho mafuta ya breki, katika magari mengi, si mafuta ya petroli bali ni kimiminika cha jamii ya glikoli. Kumimina oili ya injini badala yake ni kuiharibu mipira yote ya mfumo. Kimiminika hiki kina tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na maji hushusha kiwango chake cha kuchemka. Kipimo cha Marekani kijulikanacho kama DOT 3 hudai kwamba kimiminika kipya kisichemke chini ya digrii 205, na kikiisha kunywa maji kisichemke chini ya digrii 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni digrii 230 na 155. Kimiminika kikichemka hutoa viputo vya mvuke. Mvuke, tofauti na kimiminika, hugandamizika; basi dereva hukanyaga, mvuke husinyaa, na pedi hazibani. Ndiyo maana kimiminika hubadilishwa kila baada ya muda uliopangwa na mtengenezaji hata kama hakuna kilichovuja.

Vumbi la breki nalo lahitaji hadhari. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 pedi na viatu vya breki vilitengenezwa kwa asbesto, madini yenye nyuzi zinazostahimili joto. Nyuzi hizo zikivutwa na pumzi huweza kuleta ugonjwa wa mapafu na saratani miaka mingi baadaye. Uingereza iliupiga marufuku mwaka 1999 uagizaji na matumizi mapya ya asbesto nyeupe, na Marekani ilitoa kanuni dhidi yake mwaka 2024. Kwa kuwa chanzo cha pedi ya zamani hakijulikani kila mara, vumbi lisipulizwe kwa hewa wala kufagiwa likiwa kavu. Lilowekwe kwanza, kisha lipanguswe kwa kitambaa chenye maji ambacho hufungwa katika mfuko na kutupwa. Mavazi ya kazi yasichanganywe na nguo za watoto.

MTEREMKO HAUNA HURUMA

Barabara ya Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, ina tofauti ya kimo inayokaribia mita 1,000. Gari la kilogramu 1,500 likiteremka kimo hicho hutoa nishati ya megajuli 14.7. Hiyo ni sawa na kusimama mara 25 kutoka kilomita 100 kwa saa. Sehemu ya nishati hiyo huliwa na matairi, upepo na injini. Iliyobaki huangukia breki. Dereva anayetelemka kwa gia kubwa huku mguu ukiegemea kanyagio muda wote huziacha diski zikusanye joto bila nafasi ya kulitoa. Kwanza pedi hupoteza msuguano, kisha mafuta huchemka. Dereva anayetia gia ndogo kabla ya kuanza kushuka huipa injini sehemu ya mzigo, na breki hupata muda wa kupoa. Pedi mpya hazifuti kanuni hii. Mwenye gari aliyezibadilisha kwa ufundi wote akishuka mlima kwa gia kubwa atakutana na hesabu ile ile.

Magari ya umeme na yale ya injini mbili yameongeza njia nyingine. Mota yake, wakati wa kupunguza mwendo, hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nishati katika betri. Hata hivyo nayo yangali na pedi na diski kwa ajili ya dharura, na kwa kuwa hutumika mara chache, diski hizo huweza kuota kutu. Ukaguzi haujaepukwa.

JARIBIO LA DARASANI

Mwalimu achukue mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja la mililita 5 na lingine la mililita 20, na kipande cha mpira mwembamba wa kuyaunganisha. Vyote vijazwe maji pasipo kuacha hewa. Wanafunzi wawili washindane, mmoja akisukuma bomba dogo na mwingine kubwa. Mwenye dogo atashinda kwa urahisi, lakini atasukuma umbali mrefu zaidi. Wanafunzi wapime vipenyo, wakadirie maeneo ya pistoni, na walinganishe uwiano wa maeneo na uwiano wa umbali. Kisha iachwe hewa ya mililita 2 ndani na jaribio lirudiwe. Bomba dogo litaingia kwanza bila kulisogeza kubwa. Hivyo ndivyo dereva anavyohisi mguuni breki zinapokuwa na hewa au mvuke.

Maswali:

1. Gari la kilogramu 1,200 lina nishati gani ya mwendo kwa kilomita 60 kwa saa? Kwa kilomita 120 je?

2. Nguvu ya nyutoni 600 inasukuma silinda kuu yenye eneo la sentimita 3 za mraba. Pistoni ya kalipa ina sentimita 21 za mraba. Inasukumwa kwa nguvu gani?

3. Kwa nini kina cha mafuta ya breki kilichoshuka polepole kwa miezi mingi kina maana tofauti na kile kilichoshuka kwa siku moja?

Majibu: (1) Kilojuli 167 na kilojuli 667 hivi. (2) Nyutoni 4,200. (3) Cha kwanza aghalabu huonyesha pedi zinazolika. Cha pili huonyesha kuvuja, na gari lisiendeshwe.